Gesi ya Vipande vya Sufuria Ndiyo Iliyoua Seli Zako

Lawama inayorudi dukani kwetu hapa Mbeya, tunakouza mashine za kuzalisha umeme kwa seli za haidrojeni, ni moja: "Mashine yenu ilianza vizuri, sasa haivuti hata kipoza maziwa, na bado mnanidai bunda jipya la seli." Wengine wanasema tumewauzia mtumba. Bunda, yaani seli zilizobanwa pamoja, likifunguliwa, chanzo mara nyingi ni kilekile: mteja amekwepa bei ya mtungi wa haidrojeni safi, akatengeneza haidrojeni uani kwa kostiki soda na vipande vya sufuria za alumini.

Gesi inatoka kweli, hatubishi. Shida ni kinachosafiri nayo.

Seli ya haidrojeni haichomi kitu. Haidrojeni ikiingia upande mmoja, platinamu huipasua kuwa protoni na elektroni. Katikati kuna utando mwembamba kama mfuko wa plastiki, unaopitisha protoni peke yake. Elektroni hulazimika kuzunguka kwenye waya, na mzunguko huo ndio umeme wako. Upande wa pili zote hukutana na oksijeni ya hewani, yakatoka maji na joto, moshi hakuna. Seli moja yenye mzigo hutoa volti 0.6 hadi 0.7 tu, kwa hiyo mashine ya volti 48 ina seli sabini na kitu, zimebanwa mfululizo.

Sasa kostiki. Ikichemka na alumini hurusha ukungu wenye sodiamu, nayo hukalia zile nafasi za protoni ndani ya utando. Haitoki kwa kupuliza. Pima seli moja moja kwa multimita mzigo ukiwa umewashwa: hii 0.66, hii 0.65, hii 0.31, ya jirani yake iko chini ya sifuri. Hiyo ya mwisho haizalishi tena, inakula umeme wa wenzake na kuugeuza joto mpaka utando utoboke. Na kwa kuwa zimeungwa mfululizo, moja mbovu inaangusha bunda zima. Anayetumia chumvi ya mezani na betri ya gari badala ya kostiki anazalisha klorini, na hiyo haiishii kwenye seli, inaua hata mtu.

Gesi ya seli inatakiwa iwe na usafi wa 99.97%, na monoksidi ya kaboni isizidi sehemu 0.2 katika milioni. Usafi huo ndio unaoulipia. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa mgandamizo wa bar 200 una kama robo tatu ya kilo, yaani yuniti 11 hivi za umeme. Ni ghali kuliko TANESCO, tunakiri, na hatumshauri mtu aache TANESCO. Mashine hii ni ya yule ambaye maziwa yake hayawezi kusubiri umeme urudi.

Malalamiko mengine: "Imeandikwa kilowati 5, mbona mmeibana kwenye 4?" Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Feni ileile inavuta oksijeni kidogo zaidi. Hatujakuibia kilowati, ni mlima. Na tafadhali usiiweke ubavuni mwa jenereta: moshi wa dizeli una salfa, ambayo hung'ang'ania kwenye platinamu.

Regileta ya gesi ya kupikia haikutengenezwa kwa bar 200, usiijaribu. Tundu la hewa la chumba liwe juu kabisa, chini ya dari, kwa sababu haidrojeni hupanda wakati gesi ya kupikia hushuka. Kila kiungo kipakwe povu la sabuni: gesi hii haina harufu, na mwali wake mchana hauonekani.

Wateja wa Makete na Njombe, Juni na Julai msizime kwenye swichi kubwa. Zima kwa kitufe cha mashine, kisha acheni feni ilie mpaka inyamaze yenyewe. Inafukuza maji yaliyobaki ndani, ambayo yakiganda usiku hupasua utando.