Kiatu cha mwamba hakichaguliwi kwa kupunguza namba mbili

Mhariri,

Makala mliyochapisha juzi katika ukurasa wa michezo, kuhusu vijana wanaokwea miamba katika mbuga ya Hell's Gate, ilinifurahisha sana. Mchezo huu ni nadra kupata nafasi gazetini. Hata hivyo, kuna jambo moja ndani yake ambalo siwezi kulinyamazia. Mwandishi aliwashauri wanaotaka kuanza njia ngumu wanunue viatu vilivyopungua namba mbili kuliko vya kawaida, kisha wavumilie maumivu, kwa sababu eti kiatu kisichouma hakishiki mwamba.

Simlaumu yeye peke yake, kwani maneno hayo nayasikia kila wiki. Mimi ni fundi wa viatu hapa Naivasha. Nashona viatu vya shule, natia soli buti za wafanyakazi wa mashamba ya maua, na kwa miaka mingi sasa waelekezaji na wakweaji wa Hell's Gate na Lukenya wameniletea viatu vyao nivibadilishie raba. Mimi mwenyewe hukwea siku ambazo kibanda kimefungwa. Kwa hiyo viatu hivi navijua kwa nje na kwa ndani, na ya ndani ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Kwanza hesabu. Namba za Ulaya, zile 40, 41, 42 zinazochapwa kwenye ulimi wa kiatu, hupanda kwa thuluthi mbili za sentimita. Namba moja basi ni karibu milimita 6.7, na namba mbili ni zaidi ya milimita 13. Chukua rula, tazama milimita 13, halafu tazama kidole gumba cha mguu wako. Urefu huo hauendi popote. Ni vidole vitakavyokunjwa ili upatikane. Isitoshe, kila mtengenezaji ana kalibu yake, yaani umbo la mguu analoundia kiatu, na 42 ya huyu yaweza kuwa 41 ya yule. Mtu akikwambia upunguze namba mbili bila kutaja ni kiatu gani, hajakwambia kitu.

Juzi kijana mmoja aliniletea kiatu chake cha kulia, raba imetoboka kwenye ncha. Alitaka soli tu. Nilikipasha moto gundi ilegee, nikabandua soli ya zamani, kisha nikakifunua nitazame ndani. Ngozi ya ndani haidanganyi. Mbele kulikuwa na madoa matano meusi ya jasho yamebanana, lile la kidole cha pili limepanda juu ya la gumba. Kule kisigino ngozi ilikuwa na rangi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Kisigino chake hakijawahi kugusa mahali pale. Nikamwonyesha.

"Fundi, mbona nilikuwa naona kinabana kweli?" akaniuliza.

"Kinabana mbele, kijana wangu. Nyuma umebeba hewa."

Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko mengine yote. Kiatu kimenunuliwa kidogo kwa urefu, lakini umbo lake si la mguu wa mwenyewe. Vidole vinateseka, kisigino kinaelea, na mtu akikaza mguu kwenye kikanyagio chembamba, yaani ukingo mdogo wa jiwe wa kukanyagia, kiatu kinazunguka na mguu unabaki. Maumivu yote yale hayajamsaidia kusimama.

Njia za kiufundi, yaani zile ambazo nguvu ya mikono haikuvushi bali miguu, zinataka jambo moja kutoka kwa kiatu: ncha ya kidole gumba na ncha ya raba ziwe kitu kimoja. Ukisimama kwenye ukingo mwembamba wa jiwe, uzito wako wote umekaa juu ya raba ndogo chini ya gumba. Raba za viatu hivi huwa na unene wa milimita 4 hivi, pengine kidogo zaidi au pungufu. Raba ikiwa laini na kiatu hakina ugumu ndani, inajipinda na kuviringika kutoka kwenye ukingo. Ndiyo maana kiatu cha vikanyagio vyembamba huwekewa ubao wa plastiki au wa nyuzi ngumu kati ya ngozi na soli, na raba yake huwa ngumu kidogo. Lakini kwenye jiwe lililolala, lisilo na ukingo wowote, mambo yanageuka. Pale unataka raba laini na soli inayokunjika, mguu ukanyage bapa na raba iingie kwenye chembechembe za jiwe. Hakuna kiatu kinachofanya yote mawili sawasawa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mwamba gani, kabla hujauliza namba gani. Kule Lukenya, karibu na Athi River, jiwe ni la zamani mno, gumu, lina vikanyagio vidogo vya kusimamia ncha na sehemu laini zilizoinama. Hapa Hell's Gate miamba ni ya volkano, imepasuka kuwa nguzo zilizosimama sambamba, na kati ya nguzo na nguzo kuna nyufa. Katika ufa unaingiza mguu kwa ubavu, unauzungusha mpaka ukwame, kisha unausimamia. Aliyekunja vidole ndani ya kiatu atalia siku hiyo, kwa maana jiwe linabana vifundo vya vidole vilevile vilivyoinuka. Ufa unataka kiatu bapa, vidole vimenyooka, ngozi inayofunika kifundo cha mguu ikiwezekana. Halafu kuna Mlima Kenya. Anayekwenda kilele cha Nelion, mita 5,188, kwa njia ambayo Eric Shipton na Wyn Harris walipitia mwaka 1929, au Batian, mita 5,199, anakaa ndani ya viatu hivyo tangu alfajiri, kwenye baridi, na mguu unavimba kadiri siku inavyokwenda. Huyo anahitaji nafasi ya soksi nyembamba.

Wapo watakaoniambia kwamba mabingwa huvaa viatu vilivyopinda kama kucha ya mwewe. Ni kweli, na vina kazi yake: kuta zinazoinamia nje, ambako mguu hauna budi kuvuta jiwe. Mashindano ya ndani yana kuta hizo tele, na tangu mchezo huu uingie kwenye Olimpiki ya Tokyo vijana wetu wanaviona kwenye televisheni. Lakini kuta nyingi tunazokwea hapa zimesimama wima au zimelala kidogo. Tarehe 3 Juni 2017 mkweaji Mmarekani Alex Honnold alipanda El Capitan, kule Yosemite Marekani, ukuta wa mita 900 hivi, bila kamba hata moja. Miguuni alikuwa na TC Pro, kiatu bapa, kigumu, cha kamba, kinachofunika vifundo vya miguu, ambacho mkweaji mwenzake Tommy Caldwell alishiriki kukibuni. Maisha yake yalikuwa juu ya vikanyagio vidogo kwa muda wa karibu saa nne nzima, na hakuchagua kiatu kilichopinda.

Sasa, kukijaribu. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba kama kawaida yake. Kata kucha. Vaa bila soksi, isipokuwa kama ni cha mlimani. Ingiza mguu, vuta vitanzi vya nyuma, funga kamba kuanzia vidoleni kwenda juu. Vidole vyote viguse mbele. Kwa njia za vikanyagio vyembamba, vifundo vya vidole vinaweza kuinuka kidogo tu, kwa maana kidole kilichojikunja kidogo kina nguvu kuliko kilicholala. Lakini kisipande juu ya mwenzake, na gumba lisisukumwe kando kuelekea vile vingine. Kama kidole chako cha pili ni kirefu kuliko gumba, tafuta kiatu ambacho ncha yake iko katikati zaidi. Vyenye ncha iliyoelekea upande wa gumba vitakuonea daima.

Kisha tafuta ngazi au ukingo wa benchi. Simama kwa ncha ya gumba peke yake, mguu mmoja, hesabu pole pole mpaka kumi, ukiteremsha na kuinua kisigino. Mwambie mwenzako atazame nyuma. Kisigino kikichomoka au ukisikia sauti ya hewa ikitoka, vua, hata kama namba ni ileile uliyoitaka. Bonyeza kwa kidole pande za kisigino na chini ya wayo. Ngozi ikibonyea ndani, pale pana nafasi tupu. Kubanwa pande zote sawasawa si maumivu, na mtu akishavaa mara mbili tatu ataijua tofauti. Kinachochoma mahali pamoja, hasa juu ya kifundo cha kidole au kwenye kano ya nyuma ya kisigino, kitaendelea kuchoma.

Uliza kimetengenezwa kwa nini. Ngozi isiyo na bitana hupanuka, pengine kufikia namba nzima, kwa hiyo chukua kinachobana zaidi kidogo. Ngozi yenye bitana hupanuka kiasi. Vile vya ngozi bandia havipanuki kwa maana yoyote ya kukufaa, na anayekuuzia akisema "kitalegea tu" hajui anachouza. Mteja wangu mmoja aliambiwa hivyo dukani, akalipa pesa nyingi, akawa anavaa kwa mifuko ya plastiki ili mguu uteleze ndani. Mpaka leo hakijalegea.

Najua wengi hawana duka la kujaribia. Wanaagiza kwa shangazi aliye Uingereza au rafiki anayekuja kutoka Marekani. Basi simama kwenye karatasi, uzito wote juu ya mguu, chora mguu wote kwa kalamu iliyosimama wima, pima urefu kwa milimita, na upana pale penye mifupa ya mwanzo wa vidole. Pima miguu yote miwili, kwani mara nyingi haiko sawa, na fuata ule mkubwa. Mtumie huyo jamaa vipimo pamoja na mchoro. Ukisema tu "mimi huvaa 43" umemtuma gizani. Kwa wanaobahatika kuvikuta mitumbani, msitazame soli kwanza. Soli naweza kuibadilisha. Tazameni ule ukanda mwembamba wa raba unaozunguka ncha juu ya soli. Ukiwa umetoboka hadi ngozi, gharama inapanda. Tazameni pia kama raba imeachana na ngozi pembeni, dalili kwamba kiatu kiliachwa kwenye gari juani na gundi ikafa.

Na jamani, msikubali fundi yeyote awawekee raba ya tairi. Akala naziheshimu, baba yangu alizitengeneza na zikatulisha. Lakini raba ya tairi imeundwa isilike barabarani, na raba ya kukwea imeundwa ing'ang'anie jiwe, ikubali kuchakaa. Leteni kiatu mapema, soli ikiwa imebaki nyembamba kwenye ncha lakini ukanda bado mzima. Ni kazi ya siku moja na kiatu kinarudi na umbo lake.

Yote haya mtu mzima anaweza kuamua mwenyewe, mguu ni wake. Kinachonikosesha usingizi ni watoto. Ninaletewa viatu vya wasichana na wavulana wa miaka 11 au 12, na ndani yake naona madoa yaleyale yaliyobanana. Mifupa ya mtoto bado inakua, na sehemu inakokulia karibu na viungo ni laini kuliko mfupa wenyewe. Gumba likisukumwa kando kila wikendi katika umri huo, linaweza kubaki kando. Mtoto anayejifunza hahitaji hata kidogo kiatu cha kukunja vidole. Anahitaji kiatu bapa, vidole vimenyooka na kugusa mbele, cha kufunga kwa velkro ili avue kila anaposhuka chini, na kibadilishwe mguu unapokua. Vilabu vingeweza kuwa na sanduku la viatu vya kupokezana, mkubwa akimwachia mdogo. Soli zake niko tayari kuzitia kwa bei ya raba peke yake.

Likizo ya Agosti inakaribia, na ndipo wazazi huwaleta watoto hapa kwa wingi kupanda Fischer's Tower. Wengi wao husoma gazeti lenu. Naomba ule ushauri wa namba mbili urekebishwe kabla hawajakwenda kununua viatu.

Fundi wa viatu,
Naivasha