Saburi ya Mkristo haikatazi dawa

Mhariri,

Tangu makaburi ya msitu wa Shakahola yaanze kufukuliwa mwezi Aprili 2023, ikatolewa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao wakisemekana kuwa waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, Mkristo wa Malindi akitaja habari za kuvumilia mateso hutazamwa kwa jicho la shaka, na siwalaumu wanaomtazama hivyo. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa katika kijiji cha Kwa Binzaro. Ya kesi nayaachia mahakama. Linalonifanya niombe nafasi katika gazeti lako ni kwamba baada ya yote hayo wangali wapo wahubiri wanaozunguka vijijini wakiwaambia wagonjwa kwamba maumivu ni kipimo cha imani, na kwamba anayemeza dawa hamwamini Mungu.

Hayo si mafundisho ya saburi tuliyorithi. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, anawaambia waamini kwamba hakuna sifa kwa mtu kuadhibiwa kwa kosa lake. Sifa iko kwa anayetenda mema, akateswa kwa ajili ya wema huo, akastahimili. Bwana mwenyewe alipoambiwa na Ibilisi ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa, na usiku wa Gethsemane aliomba kikombe kile kimwepuke kabla ya kukubali mapenzi ya Baba. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, yaani mateso ya mwilini, na huyo huyo ndiye aliyemwagiza Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yaliyokuwa yakimpata mara kwa mara. Simjui mhubiri anayeweza kusimama akasema kwamba Paulo alipungukiwa na imani.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Huko bara, katika nchi ya Wagiriama, palikuwa na kijiji cha Fuladoyo, ambako Wakristo waliwapokea watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, wakijua vyema kwamba wenye watumwa hawatalinyamazia jambo hilo. Kiongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Watu wale hawakuitafuta dhiki. Walishika njia ya wema, dhiki ikawakuta humo humo, nao hawakugeuka. Nashangaa kwamba vijana wetu wa shule ya Jumapili wanazijua habari za wafia dini wa Roma na hili la karibu nyumbani hawalijui.

Nasema haya kwa sababu yamenigusa nyumbani kwangu. Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi na alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Hatuna friji, kwa hiyo chupa ya insulini hukaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa chenye mchanga, na mchanga huo hunyunyiziwa maji asubuhi na jioni, hasa wakati wa kaskazi ambapo joto la Malindi haliwahurumii hata wazima. Usiku vidole vya mguu usiokuwapo humwasha. Huniita nimkune, na mkono wangu hukuta shuka tupu. Kuna usiku husali, na kuna usiku hulia tu, akimwuliza Mungu hata lini.

Mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja, alifika akamwambia, “Mama, ukiendelea kujidunga sindano, imani yako iko wapi?” Mama akamjibu, “Mwanangu, Mungu alinipa miguu miwili, mmoja umeshakwenda. Huu uliobaki sitaki kumjaribia Mungu.” Kisha akaniagiza nimletee mgeni chai, ya sukari, kwa kuwa yeye mgeni hana kisukari.

Mimi naiona saburi katika kujidunga kule kila siku, mwaka baada ya mwaka, bila kumkana Mungu na bila kujifanya kwamba haumii. Wako pia watu wema makanisani ambao hawamkatazi mgonjwa dawa, lakini humkataza kulia, wakidhani machozi yanaiaibisha imani. Hao nao wakisome upya Kitabu cha Ayubu. Rafiki zake walifanya vyema siku saba walizoketi naye chini bila kusema neno. Walipoanza kumweleza kwa nini anateseka ndipo walipoharibu, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema kwamba Ayubu, pamoja na malalamiko yake yote, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa ya Malindi na Magarini. Tangazeni mimbarani, kwa maneno ambayo hata bibi wa kijijini atayaelewa, kwamba kumeza dawa si dhambi, na kwamba yeyote atakayemwambia mgonjwa aache matibabu au mtoto anyimwe chakula aripotiwe kwa chifu siku hiyo hiyo, hata akiwa amekuja na Biblia mkononi. Kisha sehemu ya sadaka itengwe kwa nauli ya bodaboda ya kwenda kliniki na kwa michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya wale wasiojiweza, maana wengi wanaoacha dawa hawakushawishiwa na mhubiri yeyote, walikosa nauli. Katika jumuiya yetu ndogo tumeanza kupeana zamu za kuwasindikiza wagonjwa siku ya kliniki na kukaa nao kwenye foleni. Majirani zetu Waislamu wawili wameomba kuingizwa katika zamu hizo, na tumewaingiza.

Mzee wa kanisa,
Ganda, Malindi