Baiskeli za umeme Uingereza: kikomo bado ni wati 250

Ndugu wateja, swali linaloongoza karakanani kwetu siku hizi ni hili: "Si serikali imesharuhusu wati 500?" Haijaruhusu. Mwaka 2024 Wizara ya Uchukuzi ilikusanya maoni ya wananchi juu ya mambo mawili: kupandisha nguvu ya mota kutoka wati 250 hadi 500, na kuruhusu akseleta ya mkononi bila kukanyaga pedeli. Januari 2025 ikatangaza kwamba yote mawili hayataendelea. Kuna wauzaji wa mtandaoni ambao mpaka leo wanatangaza ile habari ya kwanza tu, na hilo linatuudhi, kwa sababu anayeumia ni mnunuzi.

Mota isizidi wati 250, ijikate mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa, pedeli ziwe zinafanya kazi, na mpandaji awe ametimiza miaka 14. Hapo hudaiwi leseni, bima wala namba.

Ikizidi hapo, kisheria umepanda pikipiki. Vijana wetu wanaosambaza chakula ndio wanaonaswa zaidi. Askari ananyanyua gurudumu, anazungusha akseleta, gurudumu linakimbia na pedeli zimetulia tuli. Baiskeli inaondoka na polisi. Kuendesha bila bima ni faini ya pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Kama umefaulu mtihani wa udereva na bado hujamaliza miaka 2, pointi 6 zinafuta leseni. Unarudi kuwa mwanafunzi, unafanya mitihani upya. Kwa kijana anayejipanga kupata kazi ya kuendesha gari, hasara hiyo inaizidi bei ya baiskeli yenyewe.

Kabla hujalipa, soma lebo: iwe na jina la mtengenezaji wa mota au nguvu yake, pamoja na volti za betri au mwendo wa juu kabisa. Kisha washa skrini, ingia kwenye mipangilio. Ukikuta kitufe cha "nje ya barabara" kinachoondoa kikomo, iache, hata kama lebo imeandikwa 250.

Uliyonayo tayari ilete tuikague. Tunaondoa akseleta isiyoruhusiwa na kukwambia ukweli kama mota inafaa kubaki. Kazi ya kufungua kikomo cha mwendo hatuifanyi kwa bei yoyote. Njoo na chaja yake pia, tuipime pamoja na betri.