Kufuga sturjoni si kuuokoa mto Danubi

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kijana kazini na sijawahi kuwaandikia. Ile habari ya sturjoni, samaki ambao mayai yao ndiyo kaviari ya bei ghali, katika mto Danubi wa Ulaya, imenishinda kuvumilia. Mwandishi wenu anatuambia, tena kwa furaha, kwamba sturjoni sasa wameokoka kwa sababu wanafugwa kwenye matangi Romania na Bulgaria, na mayai yao yanauzwa bila kumgusa samaki wa mtoni. Halafu anatushauri sisi wa Ziwa Victoria tuige. Mimi nilisomea uvuvi Galați, mji wa Romania ulio kando ya mto huohuo, miaka ya themanini, kisha nikafanya kazi ya uvuvi Mwanza hadi nilipostaafu. Nikinyamaza kwa hili nitakuwa nimekosea.

Habari nzima haikutaja bwawa. Beluga, mkubwa kuliko sturjoni wote, hukulia Bahari Nyeusi na hupanda mto kwenda kutaga. Zamani alifika hadi Hungaria na Austria. Mwaka 1972 Romania na Yugoslavia zikamaliza bwawa la kufua umeme pale Milango ya Chuma, bonde jembamba la mto mpakani mwao. Mwaka 1984 likaongezwa la pili chini yake, takriban kilomita 860 kutoka baharini. Tangu hapo samaki anayepanda hugonga zege na kurudi. Wafugaji wajaze matangi wanavyoweza, yeye bado hana pa kupita.

Wala huyu si sato, useme ukimpumzisha miezi michache atajaa tena. Jike la beluga huchukua miaka kumi na tano au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na hata akikomaa hatagi kila mwaka. Romania ilifunga uvuvi wa sturjoni mwaka 2006 kwa miaka 10, ikaongeza 5, na mwaka 2021 ikafunga bila kuweka mwisho. Naipongeza kwa dhati. Ila hadi mwaka 2018 jirani yake Serbia, wanaopakana mtoni, iliruhusu kuvua sterleti, yule sturjoni mdogo. Maji yaleyale, ng'ambo hii mvuvi alikamatwa, ng'ambo ya pili alipima samaki wake sokoni mchana kweupe. Mto unapita nchi kumi. Sheria ya nchi moja italinda nini?

Sasa niwaeleze nilichokiona mwenyewe, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Miaka michache iliyopita nilirudi kumtembelea rafiki niliyesoma naye, tukaenda kula samaki kwenye mgahawa mmoja kando ya barabara ya kuelekea deltani. Nikauliza kuhusu kaviari. Mwenye mgahawa akaleta kopo lenye lebo. Lebo za kaviari zina utaratibu wa kimataifa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini: zinaonyesha aina ya samaki, kama ni wa kufugwa au wa porini, nchi, mwaka na namba ya kiwanda, na hubandikwa ili kopo likifunguliwa zichanike. Ya kopo lile ilikuwa imeshachanika, ikaunganishwa kwa gundi. Nilipomuuliza, hakuona haya. Alisema kopo ni la shamba la kufuga samaki, ndani ni "ya mtoni", na ndiyo maana bei iko juu! Yaani shamba limekuwa pazia. Jike aliyeishi miaka ishirini akingoja kutaga anapasuliwa usiku, mayai yake yanaingia kwenye kopo lenye karatasi halali, na mteja anakula akiamini amemhurumia samaki. Rafiki yangu, mtu mzima aliyezaliwa kwenye mto huo, alibaki ameinamia sahani hadi tukaondoka. Leo gazeti langu linaniambia tatizo limekwisha?

Na bado sijagusa mashamba yanayofuga sturjoni wa Siberia. Wakitoroka huzaliana na sterleti wa Danubi. Wataalamu wameshawakuta machotara katika sehemu ya juu ya mto. Hayo nayo ni madhara ya ufugaji.

Wapo wanaofanya kazi ya kweli. Vienna, chuo kikuu cha BOKU kiliweka kituo cha kuangulia sterleti kwenye kisiwa cha Donauinsel, vifaranga wakalelewa kwa maji ya mto wenyewe ili waje kuujua, kisha wakaachiliwa. Hiyo ni kazi ya kurudisha samaki mtoni. Kuuza kaviari ni biashara, halali kabisa, lakini ni kazi nyingine, na mwandishi wenu amezichanganya.

Uchanganyaji huohuo ndio tunaolishwa hapa kwetu kuhusu vizimba vya kufugia samaki ziwani. Kila kiongozi akisimama ufukweni anasema vizimba vitalipumzisha ziwa. Chakula cha samaki na cha kuku kinachotengenezwa hapa hutiwa dagaa, na dagaa wanatoka wapi kama si ziwani? Sangara naye anawindwa kwa ajili ya bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, kama beluga anavyowindwa kwa mayai. Makokoro, nyavu za kukokota hadi ufukweni, bado yanavutwa, na samaki anayeachwa leo upande wetu kesho yuko Uganda au Kenya.

Kwa Danubi ninalo pendekezo. Kila jike shambani awekewe chipu chini ya ngozi. Siku ya kuchinjwa, chipu ikabidhiwe kwa mkaguzi pamoja na uzito wa samaki. Mayai huwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa jike. Shamba likiuza zaidi ya hapo, ziada imetoka mtoni, na lifungwe. Nchi zote za mto zitumie daftari moja la chipu hizo. Kwa vizimba vyetu, kila mwenye kizimba aonyeshe risiti za vifaranga na za chakula, na kiwanda cha chakula kitaje mwalo uliokiuzia dagaa.

Nanyi, Mhariri, mrudisheni mwandishi wenu kwenye habari ile, aandike kuhusu bwawa.

Mstaafu wa uvuvi,
Mwanza