Wajina wako na moshi wa jirani

Tandika, Dar es Salaam

Swahiba,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, shemeji yako hajambo, na wajina wako ndiyo usiseme: ananyonya, analala, na siku hizi ukimwita anageuza shingo. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nahamisha kitanda kila mara kama mtu anayetafuta mtandao. Ni moshi wa sigara wa jirani tunaoukimbia. Salio liliisha kabla sijamaliza kukueleza, ndiyo maana nakuandikia.

Nyumba yetu unaikumbuka. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, choo uani. Dari hakuna, na kuta za ndani hazifiki kwenye bati. Ukipiga chafya wewe, chumba cha tatu wanakuambia pole. Zamani nilikuwa naishukuru ile nafasi ya juu, joto linapata pa kutokea. Sasa chumba tunachopakana nacho kahamia kaka mmoja mlinzi. Anaingia lindo jioni, anarudi saa moja asubuhi, anaoga, anajilaza chali na kuwasha sigara. Ikiisha anawasha nyingine, mpaka usingizi umchukue. Na mtoto naye usingizi wake mzuri ni huohuo wa asubuhi.

Mama mkwe alikuwa bado yupo kwa ajili ya uzazi. Dawa yake ikawa chetezo: asubuhi udi, mchana mavumba. Harufu ya sigara ilipotea kweli, ila macho yakaanza kutuwasha sote na mtoto akawa anakohoakohoa. Tulipompeleka kliniki kupimwa uzito, nesi alimnusa nguo tu, akauliza nani anavuta nyumbani. Tukamweleza, chetezo na kila kitu. Akasema sigara, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vyote ni moshi, na pafu la mtoto halijui upi umewekwa kwa nia njema. Mtoto mchanga anapumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, wewe na mimi tukiwa tumetulia ni 12 hadi 20. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Kwa kichanga unaongeza hatari ya nimonia, ya maambukizi ya masikio, na ya kile kifo cha ghafla usingizini ambacho hata kukiandika sipendi. Mama mkwe alinuna njia nzima. Chetezo kikaingia chini ya kabati.

Baba mwenye nyumba nilimpigia simu, akajibu kwamba kila mtu kalipia chumba chake. Mjumbe akanisikiliza vizuri, kisha akanikumbusha kuwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inahusu maeneo ya umma. Chumbani kwa mtu ni kwake. Wapangaji wengine wao walitaka nikamgongee mlango, wapate cha kutazama.

Sikumgongea. Mtu katoka lindo, macho mekundu, ukimfuata na malalamiko mlangoni umetafuta ugomvi. Nilimsubiri jioni kwenye kahawa kabla hajaenda kazini, nikamlipia vikombe viwili na kashata, tukaongea mpira kwanza. Nilipomweleza alishangaa kwelikweli. "Kaka, si moshi unapanda juu unatokea kwenye bati?" Nikamwambia kesho aje aone mwenyewe.

Bati la chumba chetu lina tundu la msumari. Jua likishapanda kidogo, mwale mwembamba unashuka kutoka pale mpaka ukutani. Shemeji yako akamtoa mtoto nje. Jirani akawasha sigara, akaiacha kwenye kisosi kwake, akaja kusimama na mimi karibu na kitanda. Mwanzo hatukuona kitu. Halafu ukaingia kwenye mwale: rangi ya buluu, unavuka kichwa cha ukuta taratibu, unatambaa chini ya bati, unakosa pa kutokea, unaanza kuteremka. Ulikuja ukijikunjakunja mpaka juu ya neti ya mtoto. Yeye kimya. Akarudi kwake akaizima.

Siku hizi anavutia uani, nyuma ya bafu. Mvua ikinyesha anasimama mlangoni, mkono nje, na hapo mimi na yeye tunatazamana tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta viroba vya mchele alivyofumua, tukavipigilia misumari kuziba ile nafasi ya juu. Usiku wa kwanza chumba kilichemka, mtoto akatoka vipele vya joto, ikabidi tufungue upande wa ukumbini. Kwa hiyo tumeziba huku tumefungua kule. Moshi kidogo bado unajua kuzunguka. Dari tutaweka Mungu akipenda, na kodi nimeshamwambia mwenye nyumba tuizungumze upya.

Kilichobaki kigumu ni kwamba anampenda mtoto. Akitoka kuvuta anapitiliza moja kwa moja kumbeba, na mabaki ya moshi yako kwenye shati, kwenye ndevu, kwenye vidole. Kumwambia mtu asivute chumbani kwake niliweza. Kumwambia asimbebe mtoto, mdomo ulikataa. Shemeji yako ndiye aliyepata njia. Kanga safi inaning'inia msumarini mlangoni. Anayetaka kumbeba ananawa mikono na kuitandaza begani kwanza. Ni kwa kila mtu, hata mimi baba yake, ili jirani asione kawekewa yeye.

Sasa nakuja kwako. Najua tumbaku ndiyo iliyokulipia ada, na nimekula mahindi ya kuchoma pembeni ya mabani ya mzee wako, yale ya kukaushia tumbaku, sina mdomo wa kuitukana. Huko Urambo mnakausha tumbaku ya mvuke, inayokauka kwa joto bila kuguswa na moshi, na ile inayokaushwa kwa moshi ni ya kule Songea, lakini ikifika Tandika yote inakuwa ya moshi. Ukishauza, ukija kumwona wajina wako, karibu sana. Hizo za kujisokotea zimalizie stendi. Asali usisahau, ila ni ya sisi wakubwa. Mtoto hapewi mpaka atimize mwaka. Na shati la kubadilisha liweke juu kabisa kwenye begi, maana mama mkwe karudi, na yeye ndiye anayenusa wageni mlangoni siku hizi.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Baba wa wajina wako