Shukrani kwa mzee aliyezima feni

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Uliingia karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, kununua uzi mweusi, ukanikuta nimeinamia mashine ya kuchapa namba kwenye vichwa vya roli za uzi. Siku ya pili hiyo inatoa chapa nusu: 120 inasomeka 20. Fundi cherehani akiiamini namba hiyo ameumia, maana namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. 20 ni wa turubai, si wa kanzu.

Nilishalaumu wino, nikalaumu kibao, lile bamba lenye mchoro wa namba unaojazwa wino. Wewe ukagusa ule mpira wa silikoni, unaochukua wino kibaoni na kuugandamiza kwenye roli, kwa ncha ya kidole, ukatazama juu, ukazima feni. Kumbe upepo ulikuwa unakausha wino ndani ya mchoro wa kibao kabla mpira haujauchukua! Ukasafisha kibao, ukaongeza matone ya tina ya kuyeyusha wino, chapa ikatoka kamili, hata mkia wa ile 2.

Hukutaka hata soda. Mzee wangu, ahsante sana, Mungu akuzidishie afya. Ukipita tena, uzi wako mweusi nimeuweka kando.