Kabla hujanunua giaboksi nyingine, angalia tairi

Mwezi uliopita mteja alituletea hapa Iringa pikapu yake ya milango minne, dizeli, otomatiki, akiwa ameshaanza kuulizia bei ya giaboksi. Alitoka Morogoro na mzigo wa kawaida tu, na mlima wa Kitonga ulimtesa vibaya: gari linaingia gia ya nne, linasita, linarudi ya tatu, linajaribu tena ya nne, linarudi. Fundi wa kwanza alimwambia giaboksi imekwisha.

Sisi tulianza na tairi. Ubavuni zilikuwa zimeandikwa saizi 285/70R17, lakini kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kilisema 265/65R17. Tairi za kiwandani zina kipenyo cha milimita 776 hivi, zile alizofunga karibu 831. Tofauti ni asilimia 7. Mtu anaweza kuidharau, lakini injini haiwezi.

Injini inazungusha ekseli, yaani katikati ya gurudumu, ila kazi inafanyika pale mpira unapogusa lami. Kadiri mpira unavyokaa mbali na ekseli, ndivyo msukumo unaofika chini unavyopungua. Difu ya 4.10 (shafti inazunguka mara 4.10 gurudumu likizunguka mara moja) ukiifungia tairi hizo inafanya kazi kama difu ya 3.83, sawa na kuongezewa gia ndefu ambayo hukuiomba. Na tairi kubwa kwa kawaida ni nzito zaidi, kwa hiyo kuondoka kunachelewa na breki nazo zinabeba mzigo mkubwa zaidi.

Kwenye otomatiki shida inajitokeza mlimani. Gia ya juu inaingia, nguvu haitoshi, inashuka. Gari likichanganya kidogo inapanda tena. Kupangua gia hivyo kilomita nzima kunachemsha oili ya giaboksi, na joto ndilo linaloiua. Kwenye manyuo dereva anajikuta anachezea klachi kila anapoondoka na mzigo, na sahani ya klachi inalika mapema.

Spidomita nayo inadanganya. Ikisoma 100, unakwenda kama 107. Servisi ya kilomita 5,000 unaifanya ukiwa umetembea 5,350. Wengi wanalalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, na mara nyingi ni kweli, lakini sehemu ya ulaji huo ni kilomita ambazo gari limetembea bila kuzihesabu.

Na faida? Chini ya difu umeinuka sentimita 2.7 tu. Kwa anayeingia mashambani masika, hizo zina maana. Kwa anayeshinda lami ya Iringa na Makambako, mimi sioni kwa nini alipie.

Ukitaka kuinuka kidogo bila kuumiza gari, 265/70R17 inaongeza kama asilimia 3.4, na gari nyingi za aina hii zinaivumilia. Ukishikilia 285, basi panga na bei ya kubadilisha krauni na pinioni, zile gia za ndani ya difu. Kutoka 4.10 kwenda 4.30 unarudishiwa sehemu kubwa ya nguvu uliyopoteza. Mbeba mizigo mizito afikirie 4.56. Kama gari ni fowili, yaani linavuta kwa magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja. Ukibadilisha ya nyuma peke yake, siku utakapoingiza fowili kwenye lami kavu zitavutana mpaka kitu kivunjike. Tafadhali usikubali fundi yeyote akufanyie hivyo kwa kisingizio cha kubana gharama.

Wakati unajipanga, ukifika chini ya mlima weka gia kwa mkono, tatu, uiache hapo mpaka juu.

Yule mteja oili yake ilikuwa imeshaiva, nyeusi yenye harufu ya kuungua, ila haikuwa na vipande vya chuma. Tulimwaga, tukaweka mpya, akarudisha tairi za zamani alizokuwa amezihifadhi stoo. Aliposhuka Morogoro na kurudi na mzigo uleule, gari lilishika gia ya tatu na kutulia nayo.

Ukiwa na wasiwasi na gari lako, pima mwenyewe. Chora chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari taratibu mpaka alama izunguke mara moja, kisha pima kwa futi umbali ambao gari limesogea. Kwa tairi ya kiwandani niliyoitaja utapata karibu mita 2.4, ya 285 inakaribia 2.6. Njoo na namba hiyo pamoja na picha ya kibandiko cha mlangoni, tutakupigia hesabu ya difu bure kabla hujatoa hela yoyote.